Kata Kwanza, Ndipo Utamke

Aprili 2010, mashamba ya Naivasha yalikuwa na maua tele yasiyo na pa kwenda. Waridi zilizokatwa kwa ajili ya mnada wa Uholanzi zilirundikwa kwenye vyumba vya baridi hadi vikajaa, kisha zikaanza kumwagwa, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wasubiri nyumbani. Chanzo kilikuwa mlima mmoja wa kusini mwa Aisilandi uliolipuka tarehe 14 ya mwezi huo na kurusha majivu yaliyofunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa takriban siku 6. Safari za ndege zipatazo 100,000 zilifutwa. Watu wa Naivasha walijua vizuri kilichowapata. Kilichowashinda, wao pamoja na karibu dunia nzima, ni kukitaja kwa jina.

Eyjafjallajökull. Watangazaji wengi waliamua kusema “ile volkano ya Aisilandi” na kupita haraka. Wamarekani wengine wakaubandika mlima jina la E15, yaani E na herufi 15 nyingine ambazo hakuna aliyetaka kuzigusa. Mwanamuziki wa huko, Eliza Newman, akatokea kwenye televisheni ya Al Jazeera na kigitaa chake kidogo, akaimba wimbo mfupi wa kuwafundisha walimwengu kulitamka. Wengi waliupenda wimbo. Jina liliendelea kuwashinda.

Tatizo lilianzia machoni kabla ya kufika ulimini. Walilitazama jina kama neno moja, ilhali ni matatu yaliyoshikamana: eyja, “ya visiwa”, fjalla, “ya milima”, na jökull, yaani barafuto, lile tabaka nene la barafu lisilokwisha juu ya milima. Barafuto ya milima ya visiwani, basi. Visiwa vyenyewe ni Vestmannaeyjar, vinavyoonekana baharini ukisimama chini ya milima hiyo siku ya anga safi. Ukishaukata mzigo vipande vitatu, kila kipande kinabebeka: “ey-ya”, “fyat-la”, “yö-kutl”.

Msafiri anayepanga kwenda Aisilandi atapewa ushauri mwingi kuhusu koti, viatu na bei za vyakula. Huu wa kukata majina haupewi uzito wake, nami nauona wa maana kuliko ule wa koti, kwa kuwa koti utalinunua hata Reykjavík. Huko majina ya mahali karibu yote ni maelezo ya mahali penyewe. Asiyejua pa kukata hawezi kutamka, na ajuaye pa kukata amekwisha kuisoma nusu ya ramani.

Turudi kwenye hiyo “tl”, maana ndipo wengi wanapokwama. Herufi l mbili zikifuatana katika maneno ya Kiaisilandi, mara nyingi hutoka hivyo. Weka ncha ya ulimi pale unapoiweka kutamka “t”, iache palepale, kisha ruhusu pumzi itoke pembeni mwa ulimi. Mwishoni mwa neno pumzi hiyo haina sauti kabisa, hata anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani msemaji amemeza herufi. Gullfoss, maporomoko ya dhahabu, ni “Gutl-foss”. Lakini l ikiwa peke yake hubaki l ya kawaida, ndiyo maana ziwa maarufu lenye vipande vya barafu vinavyoelea, Jökulsárlón, husomwa “Yö-kul-saur-loun” bila “tl” yoyote, ingawa limezaliwa na neno lilelile jökull. Na katika Snæfellsnes, kwa sababu ya s iliyofuata, l mbili zinajirudi kuwa moja: “Snai-fels-nes”. Jules Verne, aliyewapitisha wasafiri wake kwenye kreta ya mlima wa huko kuelekea kiini cha dunia katika riwaya yake ya mwaka 1864, aliuandika Sneffels na kujiepushia taabu.

Msemaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, anatua Aisilandi na mtaji ambao Mfaransa na Mjerumani hawana. Ile herufi þ inayowatisha watalii, inayofanana na p iliyoota pembe, ni “th” ya thelathini. Ð, ambayo kwa herufi ndogo huandikwa ð, ni “dh” ya dhahabu. Ya kwanza hukaa mwanzoni mwa neno au mwa kipande chake, ya pili katikati na mwishoni. Basi Þingvellir, uwanda wa baraza ambapo Alþingi, bunge lao, lilianzishwa mwaka 930, ni “Thing-vet-lir”, na mji wa Seyðisfjörður wa mashariki ni “Sey-dhis-fyör-dhur”. Tena g ikikaa kati ya irabu mara nyingi hulainika ikawa “gh” ya ghali. Barabara kuu ya maduka ya Reykjavík, Laugavegur, husomwa “Löy-gha-ve-ghur”, na mtu wa Lamu au Unguja ataipata kwa jaribio la kwanza.

Ndugu zetu wanaosema “zahabu” na “gali”, na ambao shuleni waliona mwalimu anawasumbua bure, huko watailipa ile karo upya. Bila “dh” huna fjörður, hori refu la bahari lililojipenyeza kati ya milima, na nchi hiyo ina fjörður karibu kila upande isipokuwa pwani ya kusini.

Irabu ndizo zenye hila. Kialama kilicho juu ya irabu hakionyeshi mkazo. Kinakuambia kwamba hiyo ni herufi nyingine kabisa, yenye sauti yake na nafasi yake katika alfabeti yao ya herufi 32. Á ni “au”. Ó ni “ou”. É ni “ye”. Æ ni “ai”. Y haina tofauti na i, kwa hiyo Mývatn, ziwa la visubi kaskazini mwa nchi, ni “Mi-vatn”, na visubi wenyewe watakuthibitishia maana yake wakati wa kiangazi. Wakati huohuo au, ambayo tungeisoma tulivyozoea, ni “öy”. Ama hiyo ö, Kiswahili hakina mfano wake: viringisha midomo kama unataka kusema “o”, kisha sema “e”. Jirani yako kwenye basi atashangaa, lakini sauti itatoka.

Neno fupi kuliko yote kwenye ramani ni á peke yake, yaani mto. Kabla ya madaraja mengi utakuta kibao chenye jina la mto, na majina hayo huishia kwa herufi hiyo: Hvítá, mto mweupe, “Kvit-au”, Þjórsá, mto mrefu kuliko yote nchini wenye kilomita 230, “Thyours-au”. Dereva akishalizoea hilo, hahitaji tena kuuliza kwa nini kila daraja linalia “au”.

Halafu kuna mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tumelizoea jambo hilo mno hata hatulisikii. Mwafrika Mashariki akiiona Akureyri, mji mkuu wa kaskazini, atasema “akuREYri”. Wenyewe husema “Akureyri” kwa kuibonyeza ile A, maana Kiaisilandi hukaza silabi ya kwanza, na jina likiwa la vipande viwili au vitatu, kila kipande kinachofuata hupata kamkazo kadogo mwanzoni mwake. Hili nadhani ndilo la kujifunza kabla ya yote. Ö ikiharibika utaeleweka. Mkazo ukikaa pasipo pake, mwenyeji atakutazama kwa heshima na asijue unataka kwenda wapi.

Hata jina la kwanza analokutana nalo mgeni, la uwanja wa ndege, lina mtego. Keflavík haisomwi na “f”. Mbele ya l na n, f mara nyingi hugeuka “p”: “Kep-la-vik”. Hafnarfjörður ni “Hap-nar-fyör-dhur”, na mji wa Höfn wa kusini-mashariki, ambao jina lake ni bandari basi, ni “Höpn”, silabi moja inayokatika ghafla. Kutoka Reykjavík ukielekea mashariki kwa barabara ya mzunguko, Hringvegur, yenye zaidi ya kilomita 1,300 na iliyokamilika mwaka 1974 baada ya kujengwa daraja la nyika ya mchanga ya Skeiðará, mji wa kwanza mkubwa kidogo ni Hveragerði. Hv ni “kv”: “Kve-ra-ger-dhi”. Hver ni chemchemi ya maji ya moto, gerði ni ua. Mvuke wa chemchemi hizo hupasha joto vitalu vya kioo, na katika baadhi ya vitalu vya hapo humea migomba. Ndizi zake hazitamtisha mkulima wa Bukoba, lakini zipo, karibu na mzingo wa Aktiki.

Anayefikiri herufi moja si kitu amsikilize mtalii mmoja wa Marekani. Februari 2016 alitua Keflavík, akakodi gari na kuingiza kwenye kifaa cha kuonyesha njia anwani ya hoteli yake iliyoko Laugavegur, Reykjavík, safari isiyofika saa nzima. Anwani aliyokuwa nayo ilikuwa na r moja ya ziada: Laugarvegur. Mtaa wenye jina hilo upo, ila uko Siglufjörður, mji wa wavuvi wa ncha ya kaskazini. Aliendesha saa baada ya saa kwenye theluji, akakifuata kifaa, akafika Siglufjörður na kubisha mlango wa nyumba ya watu. Walimpokea vizuri, vyombo vya habari vikamfanya nyota, na nchi nzima ikacheka naye. Angeweza kujiokoa njiani kwa kukata tu. Vík ni ghuba, fjörður ni hori. Vibao vya barabarani vilimwonyesha mchana kutwa kwamba anaiacha ghuba anaelekea horini.

Jina linalowafanya wageni waikunje ramani ni Kirkjubæjarklaustur. Likate: kirkju, ya kanisa; bæjar, ya makazi; klaustur, nyumba ya watawa. “Kir-kyu-bai-yar-klöys-tur.” Kimebaki kijiji kidogo chenye kituo cha mafuta ambapo kila anayezunguka kusini hulazimika kusimama, lakini vipande vya jina lake ni tabaka za historia. Watawa wa kike wa shirika la Mtakatifu Benedikto walifungua nyumba yao hapo mwaka 1186, ikadumu hadi Matengenezo ya Kilutheri yalipoifunga katika karne ya 16. Maporomoko ya hapo bado ni Systrafoss, ya masista. Mwaka 1783, tarehe 8 Juni, ardhi ya nyuma ya kijiji ilipasuka katika mstari wa kreta za Laki, ikamwaga lava na gesi ya sumu kwa miezi 8. Mifugo ilikufa, njaa ikafuata, na takriban mtu mmoja katika kila watano nchini alipoteza maisha. Jumapili ya tarehe 20 Julai, lava ikiwa inasogea kuelekea kanisani, mchungaji Jón Steingrímsson aliendesha ibada ambayo hadi leo inaitwa Eldmessa, misa ya moto. Waumini walipotoka walikuta lava imesimama. Wenyeji wenyewe, kwa taarifa yako, hawahangaiki na jina zima. Husema Klaustur, na nawe sema hivyo.

Tabia hiyo ya kufupisha inafaa kuigwa. Mgeni mwenye bidii hulikariri jina refu lote ili amfurahishe mhudumu wa hoteli, ambaye maisha yake yote hajawahi kulitamka lote isipokuwa anapojaza fomu.

Kundi la Waafrika Mashariki ambalo limeyajua majina haya kuliko watalii ni la wahandisi wa jotoardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Aisilandi imekuwa ikiendesha mafunzo ya miezi 6 kwa wataalamu kutoka nchi zenye mvuke chini ya ardhi, na Kenya ndiyo iliyopeleka wengi kuliko nchi yoyote. Haishangazi. Aisilandi imekaa juu ya mpasuko ambapo bamba la Amerika ya Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana, nasi tuna Bonde la Ufa. Visima vya Olkaria, Kenya, na vya Hellisheiði vinatafuta kitu kilekile. Vituo vya umeme na joto vya huko ni darasa zuri la matamshi pia: Hellisheiði ni “Het-lis-hey-dhi”, heiði ikiwa nyanda za juu zilizo tupu, Nesjavellir ni “Nes-ya-vet-lir”, Krafla, kwa kanuni ileile ya Keflavík, ni “Krapla”. Mhandisi aliyezoea kumsikia mgeni akijikwaa kwenye “Ng'” ya majina ya kwetu hapaswi kuona haya akijikwaa kwao.

Ukishajua kutamka, unakuta jina lenyewe halikai mahali pamoja. Ramani inasema Akureyri, mtu anayekwenda huko anasema til Akureyrar. Höfn inageuka til Hafnar, na mgeni anabaki kituoni akijiuliza kama Hafnar ni mji mwingine. Ísafjörður, mji wa hori za magharibi, ukienda huko ni til Ísafjarðar, ukiwa huko ni á Ísafirði. Sisi tumezoea neno kubadilika kichwa, mtu akawa watu, kiti kikawa viti. Wao hubadilisha mkia, na mara nyingi tumbo nalo linageuka. Tena hakuna kanuni itakayokuambia kwa nini uko í Reykjavík lakini uko á Akureyri. Kila mji una kihusishi chake cha kuuingilia, na mwenyeji ameyajua hayo tangu utoto. Msafiri atosheke na kuitambua sehemu ya mbele ya jina. Hiyo haihamihami sana.

Makampuni ya utalii yamepata njia ya mkato: yanayapa maeneo majina ya Kiingereza. Ufukwe wenye vipande vya barafu jirani na Jökulsárlón umekuwa “Ufukwe wa Almasi”. Reynisfjara karibu na kijiji cha Vík unauzwa kama ufukwe wa mchanga mweusi, kana kwamba nchi hiyo ina mchanga wa rangi nyingine nyingi. Silipendi jambo hili, na si kwa ajili ya mapenzi ya lugha peke yake. Reynisfjara ni ufukwe ambapo wimbi moja kubwa huibuka bila dalili na kumzoa mtu, na wageni kadhaa wamekufa hapo. Maonyo hutolewa kwa jina la Reynisfjara. Aliyeuziwa jina la tangazo anaweza kulisikia onyo na asijue kwamba anaambiwa yeye.

Yapo majina yasiyoeleza ardhi, yanayotunza mtu. Simulizi za kale za walowezi zinasema Ingólfur Arnarson, Mnorwe anayehesabiwa kuwa mlowezi wa kwanza wa kudumu, alitupa baharini nguzo za kiti chake cha heshima mnamo mwaka 874, akaapa kujenga zitakapotupwa na mawimbi. Waliozitafuta ni watumwa wake wawili, Vífill na Karli, na walizunguka pwani miaka mitatu wakazikuta kwenye ghuba yenye mvuke wa chemchemi, ambao walowezi waliudhania au waliuita moshi: Reykjavík. Kwa mujibu wa simulizi hizohizo, Karli alinung'unika kwamba wameziacha nchi nzuri ili waje kukaa kwenye rasi hii. Ingólfur amejengewa sanamu mjini. Vífill, aliyepewa uhuru wake, ana Vífilsfell, mlima unaouona upande wa kulia ukipanda kutoka mji mkuu kwenda Hellisheiði, na pia Vífilsstaðir, makazi yake. “Vi-vils-fetl”, “Vi-vil-sta-dhir”: f katikati ya irabu ni “v”. Ukitamka sawasawa, umemtaja mtumwa mara mbili kabla ya kumaliza kilomita 30.

Kujifunza haya kwa sikio kuna kikwazo kimoja. Waaisilandi ni watu kama 390,000 tu, wanapokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na karibu wote wanajua Kiingereza. Ukisitasita nusu sekunde watakihama Kiaisilandi ili wakurahisishie. Dawa ni kulionyesha jina kwa kidole kwenye ramani na kuuliza: Hvað heitir þetta? “Kvadh hey-tir theh-ta”, hii inaitwaje? Msemaji wa Kiswahili ana kila sauti ya swali hilo mdomoni tayari. Mwenyeji akikujibu, utasikia jina kwa mwendo wake halisi, na ukilirudia vizuri huenda akakuitikia já kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, kama wafanyavyo wengi wao. Hajashtuka. Amekubali.

Safari ya majira ya baridi ndiyo inayodai elimu hii kwa ukali zaidi. Hali ya barabara hutangazwa kwa majina ya vipande vya njia, na ramani za taarifa huandika neno Ófært, haipitiki, au Lokað, imefungwa. Kati ya Skagafjörður na Akureyri barabara ya mzunguko hupanda Öxnadalsheiði: öxna, ya maksai, dals, ya bonde, heiði, zile nyanda za juu tupu tulizokwisha kuziona. “Ök-sna-dals-hey-dhi.” Hufungwa mara kwa mara theluji ikivuma. Mhudumu wa kituo cha mafuta cha Varmahlíð, nyumba ya mwisho kubwa kabla ya kupanda, akikuambia heiði imefungwa, anatumia kipande cha mwisho tu cha jina, kwa sababu hapo hakuna heiði nyingine ya kuulizia. Agiza chai, kaa, usubiri theluji ipungue.